Kipimo cha malaria kinasema hapana, homa bado inawaka: jinsi ya kuuguza dengi nyumbani

Hapa Kisumu mtu akishikwa na homa hatuulizi ana nini. Tunauliza kama ameshameza dawa ya malaria. Hilo lina sababu yake, maana kanda hii ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya, na malaria huua haraka. Lakini watafiti waliopima damu za watoto wenye homa Kisumu na Chulaimbo, hapa jirani, walikuta humo virusi vya dengi na vya chikungunya. Virusi hivi tunaishi navyo. Mazoea ya kuvifikiria ndiyo hatuna.

Mimi ni muuguzi, na aliyenisukuma kuandika ni dada yangu mdogo. Aliugua akiwa hapa Kisumu, mtaa wa Nyalenda, mvua za Mei zikiwa zimekolea, nami niko kazini Nakuru. Siku ya pili ya homa alipimwa malaria katika zahanati moja ya mtaani, kikatoka hana. Akapewa dawa ya malaria hata hivyo, na kwa kuwa alikuwa analia viungo, akachomwa sindano ya diklofenaki. Siku ya tano homa ikashuka. Nyumba nzima ilimshukuru Mungu, naye akaamka akafua nguo. Jioni tumbo likamkaba, fizi zikatoa damu alipopiga mswaki, na alipofikishwa hospitali vidole vyake vilikuwa baridi kama ametoka kushika barafu. Alipona. Lakini siku ile tuliyoshukuru ndiyo tuliyopaswa kumkalia karibu, na hakuna aliyekuwa amemwambia mtu yeyote pale nyumbani. Nikikuomba ushike jambo moja tu katika mwongozo huu, lishike la siku hiyo: siku homa inaposhuka.

Unachouguza ni nini

Dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, huletwa na virusi vya aina nne. Ukipona aina moja, mwili hubaki na kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo tu. Ukija kupata aina nyingine, hatari ya kuzidiwa huwa kubwa kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo anayesema "hiyo nilishaugua kule Mombasa, siiogopi" ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Anayeieneza ni mbu aitwaye Aedes, mweusi, mwenye madoadoa meupe miguuni. Mbu wa malaria huuma usiku. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na tena alasiri jua likielekea kuzama, saa ambazo watoto wako darasani au barazani na neti imefungwa fundo juu ya kitanda. Dalili huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa.

Ina jamaa zake wawili. Chikungunya ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, maana mgonjwa hutembea amejikunja kwa maumivu. Ilitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, na sisi Wakenya tuliijua vizuri ilipolipuka Lamu mwaka 2004 na baadaye Mombasa. Inaenezwa na mbu yuleyule wa mchana. Jamaa wa pili ni o'nyong'nyong, jina la Kiacholi linaloeleza kuvunjika viungo, na msemaji wa Dholuo hulisikia karibu kama lake. Huo ulianza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ukaingia Kenya na Tanganyika, na katika miaka michache uliwaangusha watu wapatao milioni 2. Ajabu yake ni kwamba hubebwa na mbu wa malaria, kwa hiyo neti ya usiku inaukinga pia.

Utazitofautishaje nyumbani? Kwa uhakika huwezi, na mimi pia siwezi bila maabara. Lakini ziko dalili za kukuelekeza. Homa ya dengi hupanda ghafla, mara nyingi hadi nyuzi 39 au 40, pamoja na kichwa, mgongo, misuli, kichefuchefu, na maumivu ya nyuma ya macho. Mwambie mgonjwa azungushe macho bila kugeuza kichwa. Mwenye dengi mara nyingi atakunja uso. Chikungunya hushika viungo vyenyewe: vidole, vifundo vya mikono, vifundo vya miguu, kushoto na kulia kwa pamoja, hadi mtu anashindwa kufungua kifuniko cha chupa. Kati ya hizi, dengi ndiyo inayoweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache. Ndiyo maana kanuni yangu ni kwamba mpaka daktari aiondoe dengi kwenye mashaka, mgonjwa auguzwe kama mwenye dengi.

Upele nao huja, mara nyingi siku ya tatu hadi ya tano. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu unaoonekana kwenye picha za vitabu. Mtoe mgonjwa kwenye mwanga wa mchana, mwangalie upande wa ndani wa mikono, tumboni, viganjani na kwenye nyayo. Mpapase kwa nyuma ya mkono wako. Wakati mwingine utausikia kabla ya kuuona. Kisha geuza mdomo wake wa chini utazame ndani. Ukiona vidoa vidogo kama vya kudungwa sindano, na ukivibonyeza kwa kitako cha gilasi havififii, hiyo ni damu inayovujia chini ya ngozi. Hapo usiendelee kusoma, mpeleke hospitali.

Hatua ya 1: Pimeni malaria, siku hiyohiyo

Kufikiria dengi hakukuruhusu kuisahau malaria. Mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wako mara nyingi huwa na vipimo vya malaria kwenye mkoba wake, na zahanati nyingi hupima. Ikionekana ipo, meza dawa ya mseto dozi zote 6 kwa siku 3, hata ukijisikia nafuu siku ya pili. Mtu anaweza kuwa na malaria na dengi kwa pamoja, kwa hiyo hatua zinazofuata zinamhusu na yeye.

Kama haipo, usimeze dawa ya malaria "kwa usalama". Haitakusaidia, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inawapa watu wa nyumbani utulivu wa uongo: ameshatibiwa, tumsubiri apone.

Liko jambo ambalo hata sisi wauguzi tunalisahau. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Basi aliyetibiwa malaria mwezi huu, homa ikamrudia na kipimo kikasema anayo, aombe damu iangaliwe kwa darubini.

Na taifodi? Kile kipimo cha Widal, ambacho wengi hupewa pamoja na cha malaria, hutoa majibu ya kupotosha mara nyingi mno. Nimewaona watu wakichomwa sindano za antibayotiki siku saba kwa sababu ya karatasi moja ya Widal. Virusi haviuawi na antibayotiki. Ukiambiwa ni "malaria na taifodi kidogo", uliza kwa heshima, "Daktari, yaweza kuwa dengi?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na mara nyingine humfanya aliyechoka na foleni akae sawa akutazame upya.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Chukua daftari la shule, piga mistari, weka safu tano: saa, joto, alichokunywa, mkojo, dawa. Siku homa ilipoanza ndiyo siku ya 1. Iandike juu kwa herufi kubwa pamoja na tarehe. Anayepokea zamu ya kuuguza usiku, awe shangazi au jirani, asianze kwa kubahatisha. Kipimajoto cha kwapani hakina bei kubwa katika maduka ya dawa, na kinasema ukweli kuliko kiganja cha mama, hata mama anayempenda mtoto wake sana.

Hatua ya 3: Dawa ya homa ni moja tu, parasetamoli

Mtu mzima mwenye mwili wa kawaida, miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, na kwa saa 24 asipite gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana apate kiasi kidogo zaidi, kwa ushauri wa daktari. Mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mwenye kilo 10 hupata miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Soma kwenye chupa kila mililita 5 zina miligramu ngapi, upime kwa sirinji au kifuniko chake, na uache kijiko cha chai. Homa ikirudi kabla ya saa 6, mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Usiongeze dawa.

Sasa zile ambazo asipewe: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, na zote za ukoo huo. Dengi hupunguza chembe zinazosaidia damu kuganda. Dawa hizi huongeza hatari ya kutokwa damu na huchokoza tumbo. Baadhi ya vidonge vya maumivu vinavyouzwa dukani kimoja kimoja ni mchanganyiko wenye aspirini ndani yake. Usinunue kidonge kilichokatwa ambacho huoni maandishi yake. Na sindano ya maumivu, ile inayochomwa matakoni ukiingia tu na kusema "viungo vinaniuma", ikatae mpaka dengi iondolewe kwenye mashaka. Najua ugumu wa kumkatalia mtu aliyevaa koti jeupe. Mwambie tu, "Nashuku dengi, naomba parasetamoli." Dada yangu angesema hivyo kama angejua.

Majani ya papai na mwarobaini: sitakugombeza ukinywa kikombe cha majani ya papai kama tumbo linakikubali, ila hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba yanazuia kuzidiwa. Yasichukue nafasi ya maji wala ya safari ya hospitali.

Hatua ya 4: Anywe, na mtazame mkojo

Dengi haina dawa ya kuua virusi. Kinachomvusha mgonjwa ni maji yaliyopimwa vizuri. Mpe kidogo kidogo mchana kutwa: uji mwepesi, supu ya samaki iliyochujwa, maji ya machungwa, maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Usikadirie chumvi kwa kiganja. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza upya kwa kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili tatu. Epuka vinywaji vyekundu au vyeusi, kwa sababu akivitapika hutajua kama ni rangi ya kinywaji au ni damu.

Anakojoa kila baada ya saa 4 hadi 6, na mkojo ni wa rangi hafifu? Basi maji yanatosha. Saa 6 zikipita bila mkojo, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali hata kama kila kitu kingine kinaonekana sawa.

Watu wetu hupenda kwenda "kuwekewa maji" kwenye kliniki ndogo wapate nguvu. Nakusihi usilifanye hilo kiholela. Katika siku za hatari mishipa midogo huvujisha maji ya damu kwenda tumboni na kwenye mapafu. Dripu ikiendeshwa kasi bila kupima shinikizo la damu na mkojo, maji hayo humzamisha mgonjwa kutoka ndani. Dripu ya dengi ni kazi ya wodi yenye mtu wa kuangalia kila saa.

Hatua ya 5: Siku homa inaposhuka

Kwa kawaida homa hushuka kati ya siku ya 3 na ya 7. Wengi kuanzia hapo hupona kabisa, hamu ya kula ikarudi. Wachache huanza kuvuja wakati huohuo, na saa 24 hadi 48 za kwanza baada ya homa kushuka ndizo zenye hatari kuliko zote. Mwili umepoa, kwa hiyo kila mtu anaona amepona. Damu ndani ya mishipa inazidi kuwa nzito, moyo unasukuma kilichobaki.

Siku hizo mbili asiende kazini, asifue, asipande boda kwenda soko la Kibuye. Mtu mmoja mzima abaki naye nyumbani, na usiku aamshwe anywe. Mwangalie kila saa mbili tatu kwa jicho la makusudi. Bonyeza ukucha wake mpaka upauke, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mshike miguu na ncha za pua uone kama ni baridi. Mwite jina umsikilize anavyojibu. Mtoto anayelialia bila sababu na mtu mzima anayetapatapa kitandani wanaashiria kitu kilekile.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona hata kimoja kati ya hivi:

maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, kutapika mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, damu kwenye fizi, puani, kwenye matapishi au choo cheusi kama lami, hedhi iliyokuja nzito kuliko kawaida au nje ya siku zake (hii wanawake huificha, na wanaume wanaouguza hawaulizi, kwa hiyo iulize), kupumua haraka au kwa shida, mikono na miguu baridi yenye unyevu, kizunguzungu akisimama, uchovu wa kushindwa kukaa, kuchanganyikiwa.

Macho yakiwa ya manjano pia nenda, na mweleze daktari kama mgonjwa amechinja, amekamua au amemzalisha mnyama hivi karibuni. Homa ya Bonde la Ufa nayo huenezwa na mbu na kwa damu ya mifugo, na ilitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha hapohapo Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Wengine hawafai kusubiri dalili hizo. Mjamzito, mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mzee, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, na wenye selimundu (sickle cell), ambao katika kaunti hizi za ziwa ni wengi, waonwe na daktari tangu siku ya kwanza. Mjamzito aliyekaribia kujifungua akipata chikungunya anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, kwa hiyo wakunga waambiwe.

Panga usafiri kabla ya usiku kuingia. Mgonjwa aliyeishiwa nguvu hapaswi kushikiliwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki kutoka Manyatta hadi hospitali ya rufaa. Tafuta jirani mwenye gari, chukua namba yake mchana, weka nauli kando.

Hatua ya 6: Ukifika hospitali

Toa daftari lako kabla hujaanza kusimulia. "Leo ni siku ya 5, homa imeshuka jana saa nne usiku, amekojoa mara mbili tangu asubuhi" ni maneno yanayomfanya daktari anyanyuke.

Kipimo cha kwanza ni picha kamili ya damu, na hiki kinapatikana karibu kila hospitali. Tazameni namba mbili. Chembe sahani, ambazo maabara huziita plateleti, kwa kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita. Zikishuka chini ya 100,000 inahitaji macho, ingawa malaria nayo huzishusha. Namba ya pili ni hematokriti, inayoonyesha damu imekuwa nzito kiasi gani. Plateleti zikishuka huku hematokriti ikipanda, maji ya damu yanavuja nje ya mishipa. Kipimo kimoja hakitoshi. Omba kirudiwe kesho yake, kwenye maabara ileile ikiwezekana. Kipimo cha dengi chenyewe kiitwacho NS1 hufanya kazi zaidi siku 5 za mwanzo, na cha IgM kuanzia siku ya 5 kwenda mbele. Kisipokuwepo, matibabu hayasubiri, kwa sababu daktari humtibu mgonjwa kwa hali yake.

Baada ya kupona

Uchovu huweza kukaa wiki kadhaa, na wengine huwashwa viganja na nyayo siku za mwisho. Hiyo si hatari. Maumivu ya viungo ya chikungunya ndiyo yanayochosha moyo, maana huweza kukaa miezi. Homa ikiwa imeondoka kwa zaidi ya siku mbili na hakuna dalili ya hatari, mwulize daktari kama sasa unaweza kutumia dawa za maumivu ulizozikataa mwanzoni. Nyoosha vidole kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi, na usimwache mtu akuite mvivu.

Hatua ya 7: Mbu, na hii usingoje mgonjwa apone

Katika wiki ya kwanza damu ya mgonjwa ina virusi. Aedes akimuuma leo, baada ya siku kadhaa anaweza kumwambukiza mtoto wa mlango wa pili. Basi mgonjwa alale ndani ya neti mchana pia, na apake dawa ya kufukuza mbu.

Kisha toka nje. Aedes hana haja ya bwawa wala mtaro; anapenda maji safi yaliyotulia karibu na watu. Sisi tunaopata maji ya mfereji kwa zamu tunamwekea mapipa na jerikani zilizokatwa mdomo. Yai lake haliko ndani ya maji. Hulibandika ukutani mwa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji, dogo na jeusi kama unga wa makaa, na linaweza kukaa kavu kwa miezi kisha likaanguliwa maji yakipanda. Ndiyo sababu kumwaga maji peke yake hakusaidii. Mwaga, halafu chukua brashi ngumu na sabuni, usugue ule mstari wa maji pande zote mpaka ukuta uache kuteleza, kisha suuza na ufunike kwa kifuniko kinachokaza au kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Fanya hivyo kila wiki, kwa kuwa kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10.

Pipa lisiloweza kumwagwa, lifunikwe kwa neti kuukuu. Sahani za chini ya maua, makopo nyuma ya choo, mfereji wa paa uliozibwa na majani, yote yaangaliwe siku hiyohiyo. Tairi zilizorundikwa kwa mafundi zihamishiwe chini ya paa, mahali pasiponyeshewa. Na zile tairi tunazolaza juu ya mabati ili yasipeperushwe na upepo wa ziwa, mwite fundi azitoboe matundu matatu manne upande wa chini maji yapite, na amalize mwezi wa Februari, kabla mvua ndefu hazijaanza.